Nzi Si Mmoja: Somo la Kutazama Wadudu Katika Hifadhi ya Wicken Fen

Mtu akiulizwa, "Nzi ni nini?" hujibu upesi: "Ni kile kidudu kinachotua juu ya chakula." Jibu hilo si uongo, lakini ni kama jibu la mtu aliyeulizwa, "Samaki ni nini?" akasema, "Ni dagaa." Dagaa ni samaki kweli, ila bahari haikuishia hapo. Wenye elimu ya wadudu wamekwisha kupambanua na kuandika zaidi ya aina 150,000 za nzi duniani. Katika Uingereza peke yake, nchi ndogo yenye baridi, zimeandikwa zaidi ya aina 7,000. Nzi wa nyumbani, huyu tunayemfukuza mezani, ni aina moja tu miongoni mwa hizo zote.

Je, kuna faida gani kuyajua haya? Swali hili ndilo litakalojibiwa katika somo la leo, na jibu lake kwa ufupi ni hili: asiyeweza kupambanua hawezi kumpiga adui wala kumlinda rafiki, kwani machoni pake wote wawili ni mmoja. Anayewahesabu nzi wote kuwa ni uchafu huwaua wale wanaomsaidia kupata chakula, na wakati huo huo humwacha anayemletea maradhi.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni dogo mno kwa mtu mzima. Wasomaji wa Kurani Tukufu wanajua kwamba Sura ya 16 imeitwa kwa jina la nyuki, na Sura ya 27 kwa jina la chungu, na kwamba katika Sura ya 22 ni nzi aliyetolewa kuwa mfano mbele ya watu wote. Naye Al-Jahiz wa Basra, mwandishi mkubwa wa Kiarabu wa karne ya 9, alisimulia katika kitabu chake cha wanyama, Kitab al-Hayawan, habari za kadhi mmoja aliyesifika kwa utulivu. Kadhi huyo aliweza kukaa barazani siku nzima bila kutikisa kiungo, mpaka siku moja nzi alipomtua puani, kisha kwenye pembe ya jicho. Akavumilia, akapepesa, mwisho akalazimika kuinua mkono na kumfukuza, watu wote wakimtazama. Kidudu kilichomshinda kadhi kinastahili kutazamwa.

Kupambanua hakupatikani kwa kusoma tu. Hupatikana kwa kutazama. Basi tutajifunza kwa kutembea, na mahali tulipopachagua ni hifadhi ya Wicken Fen huko Uingereza, ambako watu wamekuwa wakitazama na kuandika habari za wadudu kwa zaidi ya miaka mia.

1. MAHALI PENYEWE

Wicken Fen ipo katika jimbo la Cambridgeshire, kaskazini mashariki ya mji wa Cambridge. Neno "fen" kwa lugha yao ni kinamasi chenye udongo mweusi wa mboji. Hapo zamani nchi yote ya upande ule ilikuwa vinamasi, matete na maji. Katika karne ya 17 wenye mali walimwajiri mhandisi wa Kiholanzi, Cornelius Vermuyden, achimbe mifereji ya kuyaondoa maji ili wapate mashamba. Kazi hiyo iliendelezwa na waliomfuata, na leo zaidi ya sehemu 99 katika kila 100 za vinamasi vile zimekwisha kukaushwa. Wicken Fen ni kipande kidogo kilichosalia.

Mwaka 1899 shirika liitwalo National Trust, ambalo kazi yake ni kuhifadhi mahali pa thamani nchini humo, lilinunua ekari 2 za kinamasi hicho kwa pauni 10. Hiyo ndiyo iliyokuwa hifadhi yake ya kwanza ya maumbile. Tangu hapo hifadhi imepanuliwa mara nyingi, na humo zimeandikwa zaidi ya aina 9,000 za viumbe, mimea na wanyama, wengi wao wakiwa wadudu. Charles Darwin naye, alipokuwa mwanafunzi Cambridge kati ya miaka 1828 na 1831, alimlipa mtu amkusanyie takataka zilizobaki chini ya mashua zilizoleta matete kutoka vinamasini. Katika takataka hizo alipata mbawakawa wa aina adimu sana. Wenye mashua waliona uchafu, yeye akaona hazina.

Jambo moja yafaa likumbukwe. Hifadhi hii haihifadhiki kwa kuachwa. Kwa karne nyingi wenyeji walikata majani makali ya kinamasi kwa kuezekea nyumba, na kumbukumbu za ukataji huo zinafika nyuma mpaka mwaka 1414. Ukataji ulipopungua, vichaka vikaingia na kufunika uwanda. Kwa hiyo walinzi wa hifadhi hukata majani kwa zamu, hung'oa vichaka, na huyalinda maji yasishuke. Huko ndiko kuhifadhi: kazi ya kila mwaka isiyokwisha.

2. ALAMA ZA KUMTAMBUA NZI

Kabla ya kuanza safari lazima tujue tunachokitafuta. Mdudu yeyote aliyekomaa ana miguu sita, na kiwiliwili chake kimegawanyika sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Buibui ana miguu minane, kwa hiyo si mdudu katika hesabu ya wataalamu. Miongoni mwa wadudu, nzi hutambulikana kwa alama hizi:

(a) Mbawa mbili tu. Nyuki, nyigu, kipepeo na kereng'ende wana mbawa nne. Nzi ana mbili.

(b) Virungu viwili vya kusawazishia. Pale ambapo mbawa za nyuma zingekuwa, nzi ana vijiti viwili vidogo vyenye vichwa, mfano wa rungu. Vijiti hivyo hutikisika anaporuka na kumjulisha kila anapopinduka au kwenda mrama. Mwaka 1714 kasisi mmoja Mwingereza, William Derham, alieleza kwamba nzi akiondolewa virungu hivyo hawezi tena kuruka sawasawa. Hiyo ndiyo siri ya nzi kugeuka ghafula hewani na kutua juu ya dari miguu juu, mgongo chini.

(c) Macho makubwa. Kwa nzi wengi macho yamechukua sehemu kubwa ya kichwa. Jicho la namna hiyo limejengwa kwa vijicho vingi vidogo, nalo hukamata mwendo upesi kuliko jicho la mtu mara kadhaa. Mkono wetu tunaouona una kasi, kwake waja polepole.

(d) Vipapasio. Nzi wengi wa maumbo manene wana vipapasio vifupi mno, hata huonekana kama hawanavyo.

Kwa kipimo hiki msomaji atagundua jambo la kumshangaza: mbu ni nzi. Usubi ni nzi. Mbung'o ni nzi. Pange, yule anayewauma ng'ombe, ni nzi. Wote hao wana mbawa mbili na virungu viwili. Lugha imewapa majina mbalimbali kwa sababu madhara yao ni mbalimbali, lakini ukoo wao ni mmoja.

3. ADABU YA KUTEMBEA

Mwenye kutafuta wadudu hatembei kama mwenye kuwahi garimoshi. Hatua chache, kisha husimama. Mambo haya humfaa:

La kwanza, achague siku ya jua isiyo na upepo mkali. Huko Uingereza miezi mizuri ni Mei mpaka Agosti. Baridi ikizidi nzi hawaruki.

La pili, asikiache kivuli chake kipite juu ya ua au jani analolitazama. Kivuli ni habari mbaya kwa mdudu. Hudhani ndege amekuja.

La tatu, achukue kioo cha kukuzia mara 10, daftari na kalamu. Wataalamu huchukua pia wavu wa kitambaa chepesi na vichupa vidogo, lakini katika hifadhi wavu hautumiwi bila idhini ya walinzi. Siku hizi simu yenye kamera humwezesha mtu kuondoka na sura ya mdudu, na mdudu mwenyewe akabaki mahali pake.

La nne, asitoke njiani. Pale Wicken imetandikwa njia ya mbao juu ya kinamasi. Anayeiacha huikanyaga mimea ambayo wadudu wanaitegemea, na pengine hukanyaga wadudu wenyewe aliokuja kuwatafuta.

4. VITUO VINNE VYA NJIANI

Kituo cha kwanza: maua ya mwavuli. Kandokando ya njia humea mimea ya ukoo wa karoti na giligilani, yenye maua madogo meupe yaliyokaa pamoja kama mwavuli uliofunguliwa. Hii ndiyo meza ya nzi, kwa kuwa asali ya maua hayo iko wazi na ulimi mfupi huifikia. Simama hapo dakika 10. Watakuja nzi wanene wenye manyoya magumu, nzi wembamba wenye mistari ya njano, nzi weusi wadogo kama punje ya ufuta. Kila mmoja hutoka pale akiwa na vumbi la ua miguuni na tumboni, akalipeleka kwenye ua jingine. Wengi wetu tumezoea kwamba kazi hii ni ya nyuki. Nyuki ni bingwa wake, lakini si peke yake.

Kituo cha pili: ukingo wa maji. Kwenye tope linalong'aa utaona nzi wadogo wa rangi ya kijani yenye kumeta kama shaba iliyosuguliwa, wenye miguu mirefu. Aina mojawapo dume lake lina ncha nyeupe za mbawa. Huziinua na kuzipunga mbele ya jike, kama mtu apungaye leso. Wenzao wengine, bapa, wenye mabaka ya kijani na meusi, huketi juu ya majani ya matete. Mabuu yao huishi majini wakining'inia chini ya uso wa maji, na mkiani wana taji la vinyweleo linalowawezesha kupata hewa. Hapo hapo atapita kereng'ende kwa kishindo. Hesabu mbawa zake: nne. Yeye si nzi, bali ni mla nzi.

Kituo cha tatu: kivulini. Chini ya vichaka, penye unyevu, wamo mbu, na mfano wa mbu wakubwa wenye miguu mirefu kupita kiasi. Hawa wakubwa mgeni huwaogopa, na kumbe hawaumi kabisa. Mwenye kuuma hapo ni pange, ambaye macho yake yana rangi za kupendeza kuliko kito, na kwa mbu na pange pia anayeuma ni jike tu, kwa kuwa damu humsaidia kutunga mayai. Dume huridhika na utamu wa maua.

Kituo cha nne: samadi. Pembezoni mwa hifadhi wameachiwa farasi wadogo wa Konik, wenye asili ya Poland, na ng'ombe wenye nywele ndefu wa Scotland, ili malisho yao yazuie vichaka. Juu ya samadi mbichi huketi nzi wenye manyoya ya rangi ya dhahabu. Madume huwasubiri majike wanaokuja kutaga. Wakati wa kusubiri huwakamata nzi wengine na kuwala. Mabuu huila samadi na kuigeuza iwe udongo. Asiyependa kusimama hapo na afikiri malisho yangekuwaje kama samadi ya mwaka mzima ingebaki palepale.

Katika kituo hiki yafaa tumkumbuke daktari wa Kiitalia Francesco Redi. Kabla yake watu, hata wenye elimu, walisema kwamba mabuu huzaliwa na nyama iliyooza yenyewe. Mwaka 1668 Redi alitangaza jaribio lake. Alitia nyama katika vyombo, vingine akaviacha wazi, vingine akavifunika. Katika vile vya wazi nzi waliingia na mabuu yakatokea. Katika vile vilivyofunikwa nyama ilioza, lakini hakukuwa na buu. Kitambaa kimoja na subira ya siku chache vilivunja dhana ya karne nyingi.

5. WALIOVAA MAVAZI YA WENGINE

Turudi kwenye maua, maana huko kuna mtihani mgumu zaidi. Kwenye mwavuli ule ule utaona mdudu mwenye mistari myeusi na ya njano, nawe utasema, "Nyigu." Utaona mwingine wa rangi ya kahawia, mnene, nawe utasema, "Nyuki." Tulia, uhesabu. Mbawa ni mbili? Vipapasio ni vifupi? Je, husimama hewani mahali pamoja bila kusogea, kisha akatoweka kama mshale? Basi hao ni nzi wa maua. Hawana mwiba wala sumu. Wamevaa sare ya askari pasipo kuwa na silaha, na ndege aliyekwisha kuchomwa na nyigu huwaacha.

Mmojawapo ni yule ambaye wataalamu wamemwita Eristalis tenax, aliyefanana mno na nyuki dume. Buu lake huishi katika maji machafu, hata maji ya samadi, na lina mkia mrefu wa kuvutia hewa unaorefuka kwa kadiri ya kina cha maji. Mdudu huyu aliwapoteza watu kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Watu wa kale wa Ugiriki na Roma waliandika kwamba nyuki huzaliwa katika mzoga wa ng'ombe, na wakafundisha namna ya kuwapata kwa njia hiyo. Mwaka 1894 Osten-Sacken, mwanadiplomasia wa Urusi na bingwa wa elimu ya nzi, alieleza kwamba waliowaona wakitoka katika maji ya mzoga hawakuwa nyuki, bali nzi huyu. Laiti mmoja wao angehesabu mbawa!

Yuko mwingine aliyefunikwa manyoya mazito, mfano wa yule nyuki mnene wa nchi za baridi. Jike lake huingia katika viota vya nyuki hao na kutaga humo, na mabuu yake hula uchafu wa kiota. Mgeni amekuwa mfagizi wa nyumba.

6. FAIDA YA KUPAMBANUA

Sasa tujibu swali tuliloanza nalo. Mifano minne inatosha.

Mfano wa kwanza ni wa mkulima. Katika nzi wa maua wako wengi ambao mabuu yao hula vidukari, wale wadudu laini wanaofyonza utomvu wa mboga na nafaka. Buu moja huweza kula mamia ya vidukari kabla ya kukomaa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019, uliotumia mitambo ya rada kusini ya Uingereza, ulionyesha kwamba hadi nzi bilioni 4 wa aina mbili za jamii hii huingia na kutoka nchini humo kila mwaka, wakivuka bahari kama ndege wa msimu. Jeshi hilo hufanya kazi mashambani bila mshahara. Mkulima anayeliona buu juu ya jani la kabichi na kunyunyiza dawa bila kuuliza ni buu la nani, huenda anawaua askari wake mwenyewe.

Mfano wa pili ni wa chakula chetu. Ua la mkakao ni dogo na umbo lake ni gumu kuingilika. Wanaolichavusha hasa ni usubi, vidudu vidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Anayelima kakao, iwe Ghana au Kyela katika Tanzania, anawategemea viumbe ambao pengine hakuwaona kamwe. Vivyo hivyo miembe: ichanuapo, nzi ni miongoni mwa wageni wake wakubwa, na embe tulalo lina deni kwao.

Mfano wa tatu ni wa malaria. Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza katika India, alitafuta vijidudu vya malaria ndani ya mbu kwa miaka miwili bila kufanikiwa, kwa kuwa mbu wengi aliowapasua hawakuwa wa aina inayohusika. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad, aliviona ndani ya mbu mwenye madoadoa mbawani, ambaye leo twamwita Anofelesi. Mpaka leo apumzikapo ukutani hutambulikana kwa kuinua tumbo lake juu, hali mbu wengine wengi hukaa sambamba na ukuta. Tofauti ndogo kama hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa elimu iliyookoa maisha ya watu wasiohesabika.

Mfano wa nne ni wa nyumbani kwetu. Kisiwa cha Unguja kiliteswa na mbung'o waletao nagana, maradhi ya ng'ombe. Wataalamu walikuwa wamekwisha kujua kwamba kisiwani pana aina moja tu ya mbung'o, na kwamba jike lake kwa kawaida hupandwa mara moja maishani na huzaa buu moja kwa wakati. Kwa elimu hiyo wakafuga mbung'o kwa wingi mjini Tanga, wakayahasi madume kwa mionzi, na kuyaachia kisiwani kwa ndege. Tangu mwaka 1994 yaliachiwa madume zaidi ya milioni 8. Jike lililopandwa na dume hasi halikuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o. Adui huyu hakushindwa kwa chuki, maana chuki ilikuwapo tangu zamani. Alishindwa kwa kujulikana.

7. KINACHOPOTEA

Hata hivyo, yako mambo ya kuhuzunisha. Kipepeo mkubwa mwenye mkia kama wa mbayuwayu, aliyekuwa fahari ya Wicken Fen, alitoweka hapo katika miaka ya 1950. Majaribio ya kumrudisha hayakudumu. Kipande cha kinamasi kilichobaki kilikuwa kidogo na kikavu mno kwa mmea ambao viwavi wake wanaula. Kuzungushia mahali ua hakutoshi, ikiwa maji yake yanavutwa na mashamba ya jirani.

Na si kipepeo peke yake. Katika Ujerumani, chama cha wapenzi wa wadudu cha mji wa Krefeld kilikuwa kikitega mitego ya wavu, mfano wa mahema, katika hifadhi 63, tangu mwaka 1989 mpaka 2016. Kila walichokinasa walikipima uzito na kukihifadhi katika chupa. Mwaka 2017 hesabu ilipotangazwa, ilionekana kwamba uzito wa wadudu warukao ulikuwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 75 katika muda wa miaka 27. Ikumbukwe kwamba hapo ni ndani ya hifadhi. Wadudu wakipungua, hupungua mbayuwayu wawalao, hupungua samaki wanaokula mabuu yao, na hupungua matunda yanayowategemea.

Dunia ilijuaje habari hii? Ni kwa sababu watu wengi wao wasiolipwa walitazama, wakaandika, na hawakutupa chupa zao. Uingereza nako, tangu mwaka 1976, uko mpango wa kukusanya kumbukumbu za nzi wa maua kutoka kwa wananchi wa kila namna. Katika nchi nyingi za joto, ambako wadudu ni wengi kuliko kote, kumbukumbu za miaka mingi kama hizo ni chache. Ikiwa hatukuandika waliopo leo, watoto wetu hawataweza hata kujua wamepoteza nini.

8. LA KUFANYA

Ndugu msomaji, huhitaji kwenda Uingereza. Tafuta mti au mmea uliochanua karibu na nyumba yako: mwembe, alizeti, hata giligilani iliyoachwa ikatoa maua. Chagua sehemu yenye upana wa nusu mita na urefu wa nusu mita. Keti dakika 10 uwahesabu wadudu wanaotua hapo. Watenge kwa mafungu: nyuki, nyigu, vipepeo, mbawakawa, chungu, nzi. Andika mambo manne: umeona nini, wapi, lini, na nani aliyeona. Rudia wiki ijayo mahali palepale na saa ile ile. Walimu wanaweza kulifanya somo hili pamoja na watoto kwa gharama ya penseli moja.

Nzi wa jikoni endelea kumfukuza, na chakula ukifunike, kwani huyo huchukua uchafu miguuni mwake. Lakini jina lake lisiwe hukumu kwa ukoo wote.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja alama mbili zinazomtofautisha nzi na nyuki.
2. Kwa nini mbu huhesabiwa kuwa nzi, na kereng'ende hahesabiwi?
3. Redi alifanya nini mwaka 1668, na jaribio lake lilivunja dhana gani?
4. Ni mambo gani waliyoyajua wataalamu juu ya mbung'o wa Unguja kabla ya kuyaachia madume hasi?
5. Ni aina ngapi za nzi zinazofika kwenye maua ya karibu na mlango wako? Swali hili halina jibu katika kitabu chochote, nenda ukatazame.